Mke Aliyeimbwa Kwamba Alitoroka

Mume wangu ni mwimbaji, na kwa mujibu wa nyimbo zake mimi nilitoroka zamani. Jukwaani huingia na aproni na sufuria tupu, akaimba jinsi mkewe alivyomwacha ajipikie, na watu wa Embu hadi Meru wakacheka huku wakifuta machozi. Sufuria yenyewe ni yangu. Mara nyingi nimeitafuta nipikie njahi, yale maharagwe yetu meusi, kumbe imeenda shoo Gachoka. Na huyo mpishi wa jukwaani, nyumbani hata chai humshinda.

Filamu zilipoanza kumwita, nilidhani atapewa kuwa chifu, au daktari. Wapi. Kila filamu yeye ni mume aliyeachwa. Katika moja mke kamkimbilia mwalimu, katika nyingine muuza miraa. Wenye filamu husema kwamba bila sufuria watazamaji hawatamtambua.

Yeye kazi hiyo ilimlisha. Mimi ilinichoma. Sokoni Kianjokoma, ninakouza nyanya, wanawake walinipita wakanunua kwa jirani, wakinitazama kwa jicho la pembeni. Mwenye bucha alimwongezea mume wangu nyama kwa huruma, mimi akanipimia mifupa. Nilieleza hadi nikachoka kwamba sijawahi kulala nje ya nyumba yangu, ila nilipokwenda kujifungua.

Basi mwongozaji mmoja wa filamu, kijana wa Embu mjini, akaja kwetu Kanja kupiga filamu nyingine ya kuachwa, tena ndani ya jiko langu. Nilimpa chai na nduma za kuchemsha, kisha nikashika kiuno.

"Kwani huyu mzee wangu hawezi kupendwa hata mara moja?"

Kijana alicheka. Kesho yake alirudi na mwisho mpya: mke anarudi nyumbani, na mume anampokea mlangoni kwa furaha.

Mume wangu hakuweza. Kila mara mwigizaji aliyeigiza mke alipobisha mlango, uso wa mzee ulijikunja wenyewe, mabega yakashuka, mkono ukaanza kupapasa sufuria. Walirudia, wakarudia tena. Nilimwona akitokwa na jasho, hasira yangu yote ikaniishia. Miaka yote watu walimpenda kwa sababu ya huzuni, sasa akiambiwa afurahi mbele yao anaona aibu.

Nilikuwa nyuma ya kamera, nimeshika kikombe chake cha chai. Mwongozaji akamwambia aachane na mwigizaji, anitazame mimi. Akanitazama. Akatabasamu lile tabasamu lake la pengo, ambalo jukwaani hulificha, na chai ikanimwagikia miguuni.

Filamu ilitoka, ikazunguka kwenye simu za watu. Siku ya soko nilipanga nyanya zangu nikijua kwamba sasa, angalau, maneno yatakwisha. Cucu mmoja, bibi mzee ambaye hakuwahi kununua kwangu hata nyanya moja, akaja na kiondo cha ndizi. Aliziweka mbele yangu, akanishika mkono.

"Umefanya vizuri kurudi, wangu," akasema. "Huyo mzee alikuwa amehangaika sana."

Nilifungua mdomo nimweleze, kama nilivyowaeleza wengine wote. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuwa ameniachilia mkono.

"Nimerudi, cucu," nikamwambia. "Sitoki tena."