Lori Lililokataa Kupanda Kutoka Mpofi

Mimi ni dereva mkaidi. Nikishajua ugonjwa wa gari, sitaki mtu anibishie. Lori letu lilipoanza kuishiwa nguvu milimani, nilikwisha kutoa hukumu: filta ya mazutu, dizeli yetu, inaziba, basi.

Tulikuwa tunapakia mawese Walikale na kuyapandisha Masisi, huku mashariki ya Kongo. Kila baada ya kama saa moja lori lilikuwa linalegea, mpaka akina mama wenye mizigo ya mihogo mgongoni wanatupita huku wanatucheka. Nasimama, nabadilisha filta, naongeza mazutu kutoka bidoni, dumu letu la akiba, tunaondoka vizuri kabisa. Naisifu filta mpya. Saa moja baadaye, yale yale.

Mwenye lori, mama mfanyabiashara wa upande wa Butembo, alichoka kungoja mawese yake. Alinipigia simu nikiwa nimekwama Mpofi, kijiji cha njiani.

"Kesho niko nakuya na shofere mwengine. Nikikuta lori haijapona, utamuachia funguo."

Miaka tisa nilikuwa nimeshika usukani ule. Niliogopa, sifichi.

Watu wa Mpofi wakaniitia fundi wao, mkulima anayetega pia wanyama msituni. Alikuja kesho yake asubuhi na panga lake tu. Nikamdharau papo hapo.

"Papa, spana ziko wapi?"

"Ziko ku nyumba. Nisikie kwanza. Lori ikikosa nguvu, unafanya nini?"

"Ninabadilisha filtre."

"Kisha?"

"Ninaongeza mazutu, tunaenda."

"Leo usifanye kitu. Usiguse filtre, usiongeze mazutu. Twende mpaka ikatae."

Mazutu nilikuwa nimeongeza jana yake; tukaanza kupanda mlima. Yeye barabara hakuitazama hata kidogo; alikuwa ametoa kichwa dirishani anaangalia moshi. Lori lilipoanza kulegea, moshi ulipungua badala ya kuwa mweusi. Akarudisha kichwa ndani. "Injini haina kosa. Iko na njala."

Akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye tanki.

Hapo lazima niseme ukweli. Kifuniko cha tanki kilikuwa kimeanguka mahali fulani kwenye mashimo ya barabara, na mimi, kwa akili zangu nyingi, nilifunika mdomo wa tanki kwa plastiki nene iliyokunjwa mara mbili, nikaikaza kwa utepe wa mpira wa tairi. Tone la mvua lisingepita. Nilijivunia kazi ile, nikawaonyesha madereva wenzangu.

Fundi aliniita nione. Plastiki ilikuwa imezama ndani kama bakuli. Alipolegeza mpira, tanki likavuta pumzi ndefu.

"Mazutu iko natoka, hewa haiingie. Tanki iko navuta, pompe nayo iko navuta. Wewe ukiongeza mazutu unafungua, lori inapona, na unashukuru filtre."

Akakata tawi, akachonga kizibo, akakitoboa tundu dogo la hewa kwa pembeni, mvua isiingie. Sijaona mikono mizuri kama ile. Akapanda tena nami, na kwa saa mbili na zaidi lori lilipanda bila kulegea hata mara moja.

Tulikutana na mama mwenye lori njiani, juu ya pikipiki, na yule dereva mwingine nyuma yake. Tukasimama.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Tanki ilikosa hewa, Mama," fundi akajibu, macho chini. Hakusema nani alilifunga. Alikuwa ananiachia njia, na ningeweza kuipita kimya kimya. Lakini mtu aliyenitendea vile sikuweza kusimama karibu yake na uongo.

"Mama, ni mimi njo niliifunga."

Mama akanyoosha mkono. Nikampa funguo. Akazishika, akamgeukia fundi.

"Papa, ingekuwa lori yako, ungepatia nani?"

Fundi alimtazama yule dereva mwingine, kisha akanitazama mimi.

"Huyu. Ile kosa, yeye alishaimaliza. Huyu mwengine hajaifanya bado."

Yule dereva mwingine ndiye aliyecheka wa kwanza. Mama alinirudishia funguo. Nikamgeukia fundi, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.