Kompyuta Iliyokuwa Inakwenda Kuoshwa

Nilikuwa eda, nimekaa chumbani pazia limeshushwa, nilipomsikia shemeji yangu barazani akimwambia mama yake kwamba kompyuta ya marehemu anakwenda nayo Dar, kuna fundi atamwoshea. Mwingine angesema kuifuta. Yeye alisema kuiosha, na nilijua neno hilo kalitoa wapi, kwa sababu ndiye aliyemwosha ndugu yake siku ya maziko. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mwanamke wa eda atakwenda wapi?

Wacha nieleze ni kitu gani kilichokuwa kinakwenda kuoshwa. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaandika programu za kompyuta, hapa hapa Bagamoyo, kwenye meza moja, yeye upande wa dirisha na mimi upande wa feni, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa huo wa feni. Kazi tuliyokuwa tunaihangaikia ni ya kuwatumia kinamama wanaolima mwani Mlingotini ujumbe wa simu, wajue mvua ikija wasianike, na wajue maji yatakupwa saa ngapi. Mimi niliandika sehemu ya kutuma ujumbe. Yeye aliandika sehemu ya mvua, akaandika na ya maji, na kila moja aliiweka kwenye repo yake.

Repo, kwa asiyejua, ni kasha la programu. Ila kasha hili halisahau. Kila ukibadilisha kitu unakisajili, nalo linaandika nani kabadilisha, siku gani, na neno lako la kueleza ulichofanya. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache mdomoni, lakini mle ndani alikuwa anaropoka. Utakuta kaandika: "Nimerekebisha kwa mara ya mwisho inshallah." Chini yake, saa ile ile: "Haikuwa ya mwisho." Pengine: "Mke wangu kasema hii haitafanya kazi." Halafu: "Haikufanya kazi, asiambiwe." Nilikuwa nayasoma nikichungulia begani kwake, namcheka, naye ananiziba macho kwa kiganja.

Nilimwambia mara ngapi aweke nakala mtandaoni! Hakutaka. Kazi mbichi haianikwi hadharani, ndivyo alivyokuwa akijibu, ikiiva nitaianika. Basi presha ikamwangusha bafuni asubuhi moja, kazi ikiwa mbichi vile vile, na yote imo kwenye kompyuta ile moja.

Kompyuta yenyewe iligawiwa pamoja na vitu vyake vingine baada ya khitma. Nguo zilikwenda kwa hawa na viatu kwa wale, na kompyuta ikaangukia kwa kaka yake, ampe binti yake anayesoma chuo. Mimi nilikuwa ndani sijijui sijitambui, nikiulizwa neno nasema sawa. Hata hilo nilisema sawa. Nilidhani itakaa tu nyumbani kwao, na eda ikiisha nitakwenda kuomba nichukue kilicho changu. Haikunipitia akilini kwamba mtu ataifuta. Kwao wao, kumbe, ndiyo heshima yenyewe.

Mama mkwe aliingia akanikuta nalia. Alikuwa amehamia kwangu tangu msiba, analala kitanda kile kile na mimi, na alijua kilio changu kipi ni cha siku zote na kipi kipya. Nilimwambia mwanao anakwenda kufutwa. Hakunielewa. Nikamwambia mama, kazi yake yote imo mle, maneno yake yamo mle, mkono wake umo mle, na leo hii jioni hakutakuwa na kitu. Nilitaka nitoke mwenyewe barazani. Akanishika mkono akanikalisha. Shemeji si maharimu wako, mwanangu, watu watasema nini. Nikasema basi na waseme. Akavuta kiti akakaa mlangoni, akaniambia nizungumze kutokea nyuma ya pazia.

"Shemeji," nikasema, "usiipeleke."

Nilisikia anaweka begi chini.

"Shemeji yangu, mimi ndiye niliyemwosha ndugu yangu. Nilichokiona nimekizika naye. Hii nayo sijaifungua wala sitaki mtu aifungue. Kila binadamu ana mambo yake, na yeye hayupo kujisitiri."

Nilikasirika, halafu nikashindwa kukasirika. Ingekuwa tamaa ningejua la kumjibu. Lakini mtu anakuchinja huku anakustahi, utampigia kelele gani? Yote aliyosema ndiyo tuliyolelewa nayo. Mwoshaji hasemi.

"Mle hamna aibu yake," nikamwambia. "Mna kazi yake, na haipo mahali pengine popote duniani. Ukiifuta umemzika mara ya pili, na safari hii utakuwa umemzika mzima."

Mama mkwe ndiye aliyemalizia. Alimwambia mwanawe kwa upole kabisa, mpe mwenzio, basi la Dar lipo kutwa. Shemeji akakubali, ila kwa sharti. Mama akae na mimi muda wote, nichukue hiyo kazi tu, nisifungue picha, wala barua, wala chochote cha kusoma. Alasiri ikiadhiniwa arudishiwe. Nikaapa wallahi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Chaja ya kompyuta ile ilikuwa nyumbani kwake shemeji, na chaja yangu haiingii, hata umeme ungekuwapo. Niliiwasha nikaona betri imebaki robo. Ya kwangu ilikuwa imejaa, lakini ya kwangu haikuwa na shida. Kuchukua mafolda yote kama yalivyo haikuwezekana, kwa sababu alikuwa na tabia ya kulimbikiza mapicha ya mawingu, mazito kama mawe, betri ingekufa yakiwa njiani. Njia ilikuwa moja tu. Niliunganisha kompyuta mbili kwa simu, nikaiambia ya kwangu izivute repo zake, historia peke yake, izilete ndani ya repo yangu.

Mama mkwe akauliza, sasa vitu vyake na vyako havitachanganyika? Swali la maana sana, maana mafaili yetu mengi yana majina yale yale, na yakikutana ovyo moja linamfuta mwenzie. Nikamwambia hapana mama, kila repo naipa tawi lake. Ni kama wake wenza waliowekwa nyumba moja, kila mtu chumba chake na mlango wake, hakuna anayegusa chungu cha mwingine. Akasema hao unaowasema hawapo. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu msiba, nikajiziba mdomo.

Mvua ikaja. Niliona inavyoingia, mstari kwa mstari, ikakaa kwenye tawi lake na maneno yake yote. Betri ya marehemu ikawa nyekundu. Nikageukia ya maji. Kompyuta iliniambia kuna mabadiliko hayajasajiliwa. Alikuwa ameacha kazi katikati. Asubuhi ile kabla hajaingia bafuni alikuwa mezani, namkumbuka, nilimwambia chai inapoa. Kisichosajiliwa hakivutwi. Nikivuta vile vile, nitapata kila kitu isipokuwa asubuhi ile.

Ningeweza kukisajili mimi. Ni amri moja na neno moja la kueleza. Lakini neno gani, na mimi nimeapa kutotazama? Betri ilizidi kuteremka, huku msikitini wanajaribu kipaza sauti. Mama mkwe akaniambia, "Fanya, mwanangu. Unachokijua fanya." Nikaandika haijaisha. Nikasajili. Nikavuta. Tawi la maji lilipomaliza kuingia kwangu, kompyuta yake ikazimika yenyewe, na haikupita muda tukasikia adhana.

Mama alimpelekea. Shemeji hakuniuliza kitu, alisema tu Mungu akupe subira, akaenda zake. Fundi aliiosha siku ile ile. Binti yake anaisomea sasa, nasikia anaisifu ni nyepesi.

Eda ilipokwisha nilimwomba shemeji anifungulie kiapo changu. Alinifungulia kwa simu, kisha akaniuliza kama kuna mahali ndugu yake kaandika juu yake. Nikamwambia nitatafuta. Nimetafuta, hakuna, na bado sijamwambia.

Siku niliyofungua matawi yale mama mkwe alikuwa kando yangu, anachambua mchele. Nilimsomea. Tawi la mvua lote, maneno ya mwanawe moja baada ya jingine, anacheka, anafuta macho kwa pembe ya kanga, anasema huyo ndiye, huyo ndiye kabisa. Tukaingia kwenye maji. Kazi ya asubuhi ile ilikuwa hesabu ya maji kupwa, imefika nusu, mstari umekatika katikati. Mama akauliza, na hapo mwisho kaandika lini?

Nikamsomea tarehe bila kufikiri. Ungo ukasimama.

"Siku hiyo si ndiyo kaka yake alikwenda nayo Dar?" akasema. "Mwanangu alikuwa kaburini."

Hapo ndipo nilipoliona jina. Kompyuta ilikuwa yake, nayo inaandika jina la mwenyewe. Haraka zile sikukumbuka kuweka langu. Kwa mujibu wa repo, mume wangu alikaa mezani siku ile, akaandika neno moja, haijaisha, akasajili.

Nilimweleza mama kwamba ni mimi, ni kosa la haraka tu. Nikamwambia naweza kulirekebisha sasa hivi, nalitoa jina lake pale naweka langu, si kazi hata kidogo.

Aliniangalia, vidole vyake vimo kwenye mchele.

"Na lake utalipeleka wapi?"

Nikaliacha pale pale.