Muuza Mashine za Kuchunga Picha

Vituo vyote vya televisheni hapa Karachi vinamjua muuzaji huyu wa mashine zinazolia picha ikiganda hewani. Kabla ya kuwasha moja huifuta kioo kwa upindo wa kanzu, kama mama anayemfuta mwanawe makamasi, kisha huisifia kwa sauti ya chini.

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa aliunganisha moja na matangazo ya kituo chetu. Tulikuwa tukirusha mbingu tupu juu ya mnara wa msikiti, nchi nzima ikisubiri mwezi, na mashine ikalia: picha imeganda. "Bhai, hii si itatulilia mpaka Idi?" aliuliza Shagufta, mkuu wa mafundi, ambaye ndiye angenunua. Tulingoja ajitetee. Wala. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo. "Subiri kidogo, baji, dada yangu. Si ule pale, kando ya mnara?" Mwezi ulikuwa mwembamba kama uzi. Tulikumbatiana chumba kizima, mashine ingali inalia, na Shagufta alicheka hadi akasahau kukataa. Muuzaji akaifunika spika kwa kiganja, taratibu. "Basi, mwanangu," akainong'oneza. "Mwezi umeandama."