Ukingo wa Nishani ya Bibi

Wiki iliyopita fundi mmoja wa Kizota alinipigia simu. "Mama, njoo haraka, ile kitu yako imepatikana." Fundi huyu ni mchomeleaji na hununua vyuma chakavu, na kwa miaka kadhaa nimemzoesha kuniwekea nishani yoyote ya jeshi la Mwingereza inayojitokeza kwenye marundo yake. Nilipofika nilimkuta ameishika, nyeusi tii, na mashine yake ya kusugulia kutu imeshaanza kuzunguka. "Shikamoo mama. Ngoja niipige brashi kidogo ing'ae, ndiyo uione vizuri." Nilimpigia kelele hadi wenzake wakaacha kazi. Akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anayependa uchafu kama mimi. Nilitaka kucheka naye, nikashindwa.

Acha nikueleze sababu, maana hata ndugu zangu sijawaeleza.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake mama, pale Ihumwa, karibu na reli kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita vyungu vilikuwa vinagongana ndani. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ile ya zamani yenye paa bapa la udongo, na juu ya paa tulianika mlenda na maboga yaliyokatwa vipande. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele. Mchana ni ugali na mlenda uliotiwa karanga, na mwaka ambao mvua imekuwa na huruma, maziwa mgando ya kumwaga. Kiangazi upepo ulileta vumbi hadi kwenye meno. Nilikuwa nalilaani vumbi lile kila siku, na leo ningetoa chochote nilitafune tena nikiwa nimeketi kwenye kile kibaraza.

Juu ya kitanda cha bibi, kwenye msumari, ilining'inia nishani iliyotengenezwa kwa madini ya fedha. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mfalme wa Waingereza, upande wa pili mwanamume juu ya farasi, uchi kabisa. Ilikuwa ya baba yake bibi. Mwingereza alimchukua akapigane na Mjerumani katika vita vya kwanza, bibi akiwa hajajua hata kutembea vizuri, na hakurudi. Miaka baadaye karani akaleta nishani ndani ya kiboksi cha karatasi. Kiboksi kililiwa na mchwa, ikabaki nishani peke yake.

Jumapili bibi aliifunga kwa pini kifuani tukaenda kanisani. Mfalme alimtazamisha nje, yule wa farasi akamgeuzia ndani. "Huyu asiye na nguo akae huku, mchungaji asimwone." Sisi wajukuu tulikuwa tunakufa kwa kicheko, naye anatukazia macho huku mdomo unamcheza.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulifanyia mzaha hata siku moja. Alitaka kujua baba yake alizikwa wapi. "Mtu hafii hewani," alikuwa akisema. "Upo udongo uliompokea. Mimi nataka kuujua tu, niutaje nikiomba." Hakutaka kaburi lenye saruji wala msafara wa kwenda huko. Alitaka jina la mahali.

Kazi yangu Jumamosi ilikuwa kusugua masufuria. Nilichota majivu mekoni, nikayachanganya na mchanga laini wa korongoni, nikasugua kwa kipande cha gunia mpaka naona meno yangu ndani ya sufuria. Nikimaliza, bibi alinipa nishani, heshima ambayo wajukuu wengine hawakupewa, nami nikajiona mkubwa kweli. Mfalme alitakata haraka. Kilichonisumbua kilikuwa ukingo. Ulikuwa na mikwaruzo mingi midogo iliyoshika weusi, na gunia halikuufikia. Sikuwa nimeanza shule. Siku moja nikapata akili. Nikaisimamisha nishani juu ya jiwe la kusagia uwele, nikawa naizungusha taratibu, ukingo ukilala kwenye jiwe. Nilifanya hivyo Jumamosi nyingi, hadi mikwaruzo ikaisha na ukingo ukawa laini. Bibi aliishika, akaigeuzageuza juani, akasema, "Sasa imetakata. Mikono yako ina baraka." Sijawahi kusifiwa vile tena maishani.

Miaka ikapita. Nikaenda shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu. Huko chuoni, mkufunzi wetu wa historia alituletea nishani ya aina ileile. Akaigeuza ubavu, akatupitishia kioo cha kukuzia. Pale ukingoni zilipigwa chapa herufi ndogo: namba ya askari, cheo chake, jina lake. Ukiwa na ile namba, alisema, unaweza kumtafuta mtu kwenye vitabu vya jeshi ukajua alikuwa kikosi gani na alifia wapi. Sikusikia somo lililobaki. Niliwaza bibi tu.

Likizo ilipofika nilishuka stesheni nikaenda nyumbani mbiombio. Bibi alikuwa anachambua karanga. Hata begi sikulitua, nikamwambia, "Bibi, namba ya baba yako imeandikwa kwenye nishani! Kwa namba hiyo tutajua alipozikwa!" Alisimama. Akanawa mikono, akaingia ndani akavaa kanga yake ya kanisani, akatoka na nishani kwenye viganja viwili.

Niligeuza ukingo juani. Haukuwa na kitu. Nikauzungusha tena, polepole, kama nilivyokuwa nikiuzungusha juu ya lile jiwe, na hapo ndipo nilipoelewa mikwaruzo ile ilikuwa nini.

"Soma, mama," bibi akasema.

Nikasoma. Nikataja jina la baba yake, ambalo sote tulilijua. Namba nayo ikatoka mdomoni kabla sijafikiri: mia nne kumi na saba. Ilikuwa namba yangu ya bweni, iliyopakwa rangi kwenye ndoo na sanduku langu miaka yote ya sekondari. Bibi hakujua kusoma. Aliomba nimshikishe herufi, nikachukua kidole chake, kigumu kwa jembe na kwa vyungu vya moto, nikakipitisha ukingoni taratibu. Akalia. Akairudia namba mara tatu ili isimpotee.

Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda likizo, baada ya shikamoo na marahaba, swali lilikuwa moja. "Namba imejibu?" Nami nikajibu, "Bado, bibi." Mwaka hadi mwaka, bado, bibi. Nilikuwa mwoga, ndivyo ilivyokuwa, na kila bado ilifanya kukiri kuwe kugumu zaidi.

Nilianza kukusanya nishani wakati ule, nikitumaini kupitia askari wenzake kupata njia nyingine ya kumfikia baba yake bibi. Leo najua kwamba kwa askari wetu weusi vitabu vile mara nyingi havitaji kaburi, kwa hiyo huenda hata namba ya kweli isingejibu. Najiambia hivyo, wala hainisaidii. Nimesoma kingo za watu wengi. Kule Bahi nilimsomea mzee mmoja jina la babu yake, akavua kofia na kusimama wima kwenye uwanja wake wenye matope. Nilifurahi kwa ajili yake, nikaondoka na wivu.

Ihumwa ya bibi haipo tena. Tembe lilibomoka, mahali pake pana nyumba za bati zenye uzio, na treni ya siku hizi haigonganishi vyungu vya mtu. Waliokula mlenda pamoja nami pale kibarazani wengi wametangulia.

Bibi mwenyewe alipofika mwisho, akili ilimtoka kidogokidogo. Akasahau majina ya wajukuu, kisha ya watoto wake. Mimi alikuwa akiniita binti, akiniuliza ni wa nyumba gani. Lakini katika kila sala alimtaja baba yake, na baada ya jina akaitaja namba bila kukosea hata tarakimu moja, mia nne kumi na saba. Nilikuwa nimekaa naye kitandani, nimeshika mkono wake, nikasema amina. Aliyekuwa na haki ya kunisamehe alikuwa yeye peke yake, na sikumwomba.