Zumari Iliyokosa Pa Kulia

Ni alasiri huko Mtongwe, Likoni. Mama mmoja anatua debe lake la mahindi sakafuni, anarudi nyuma na kuziba masikio kwa ncha za mtandio. Si mgeni hapa, anajua kinachofuata.

Boga Masudi anamimina mahindi kwenye mashine ya kusaga, anawasha, na chumba kizima cha mabati kinaanza kutetemeka. Unga unapopata mwendo wake wa kushuka kwenye gunia, anajifuta mikono kwenye kikoi, anafunga mlango wa nyuma na kuitoa zumari kwenye mfuko uliotundikwa ukutani. Anaitia mdomoni. Mashavu yanavimba, macho anayafumba.

Ukisimama barabarani husikii kitu ila mashine. Ukisogea mlangoni ukatega sikio, unasikia kwa mbali sauti nyembamba, kama ya mtoto anayelia nyumba ya tatu. Hiyo ndiyo zumari, ala ambayo ikipigwa uwanjani huwatoa watu wa mtaa mzima vitandani.

"Hapa ndipo mahali pekee Likoni nzima ambapo hakuna mtu aliyewahi kunambia nyamaza," anasema Boga, mwenye umri wa miaka 54, baada ya kuizima mashine. Analisema kwa sauti kubwa mno, kana kwamba anaongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mama mwenye debe anacheka. Boga hacheki, kwa sababu hajui kwamba amepaza sauti.

Hapo ndipo penye msiba wa mtu huyu. Mahali pekee alipopata pa kupigia zumari ndipo panapomla masikio. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia limebaki nusu, kwa maneno ya daktari aliyempima mwaka jana, na ikiwa ataendelea hivi hata hiyo nusu haitamngoja. Na mfungo mosi, mara baada ya Idi, bintiye wa pekee anaolewa.

Boga alizaliwa papa hapa, enzi ambazo Mtongwe ilikuwa mashamba. Babake, aliyekuwa mpigaji wa ngoma ya sengenya, alimfundisha zumari huko mwisho wa shamba la familia, kwenye mikorosho, ambako aliyeweza kukerwa ni kunguru tu.

Kuijua zumari si kazi ya siku mbili. Mpigaji huvuta pumzi kwa pua huku akiitoa kwa mdomo, ili sauti isikatike hata kidogo. Boga alianza kwa kupuliza kikombe cha maji kwa bua la jani la mpapai. Alikuwa amebalehe ndipo aliporuhusiwa kupiga mbele ya watu. Na ukishajua, huna ruhusa ya kulala.

"Mdomo wa zumari ni kama mguu wa mchezaji mpira," anasema. "Uweke mwezi mmoja tu, umekwisha. Utavimbisha mashavu bure, pumzi zitoke pembeni, na watu wakucheke."

Shamba lile liliuzwa na ami zake, kipande leo, kipande kesho. Palipokuwa na mikorosho sasa ni vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, na Boga ni mpangaji kwenye ardhi aliyoilima babu yake. Analieleza hilo bila uchungu wowote. Ilibidi mwandishi wa makala haya aone uchungu kwa niaba yake.

Malalamiko yalianza kwa adabu. Mwalimu wa madrasa iliyo jirani alimwita kando, akamsalimu vizuri, akamwambia watoto hawasikii wanachosomeshwa jioni. Boga akahamishia mazoezi mchana. Mchana akamkuta Josephine.

Josephine alikuja Likoni kutoka Kitui kutafuta kazi, na sasa yuko zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Chumba chake kimepakana na cha Boga, na ukuta kati yao haufiki kwenye mabati.

"Mimi sina ubaya na Mzee Boga, ni mtu mzuri sana," anasema. "Lakini nikitoka kazini asubuhi, nitalala saa ngapi? Hiyo kitu ikianza ni kama iko ndani ya kichwa yangu. Nilivumilia mwaka mzima, jameni. Nikaanza kusinzia kwa mashine. Ningekatwa mkono."

Ni haki yake, na Boga anakubali. Kinachomuuma ni kile kikao cha wapangaji kilichoitwa uani. Mwenye nyumba aliuliza nani anataka zumari ikome, na mikono ikanyooka.

"Niliitazama ile mikono," anakumbuka. "Wawili kati yao niliwapigia harusi zao, na wallahi sikuchukua hata shilingi."

Hapo mtu hujiuliza sisi watu wa Pwani tukoje. Kwenye tamasha zumari ni urithi wetu, na wakubwa husukumana kupigwa picha kando yake. Ikiingia kwenye ploti ya wapangaji inakuwa kelele. Tunaipenda kwa dhati, mradi ilie kwa watu wengine.

Boga akaanza kuhangaika. Alijaribu ufukweni, walinzi wa nyumba za wageni wakamfukuza. Alipewa uwanja wa shule kila Jumapili, hadi kanisa linalokodi darasa mojawapo likalalamika kuwa mahubiri hayasikiki. Rafiki yake mmoja akamwita Mwakirunge, huko Kisauni, kwenye machimbo ya mawe. Boga akavuka feri, akabadilisha magari, akafika. Wachimbaji walimpokea kwa furaha, wakaacha hata sururu wakacheza. Tatizo ni kwamba nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inameza kipato chake cha siku, na vumbi la mawe lilimkaa kifuani wiki nzima.

Ndipo Sharif, mwenye mashine ya unga na rafiki yake tangu utotoni, alipompa kazi ya kusaga. Malipo ni shilingi mia sita kwa siku, siku ambazo umeme upo. Lakini si pesa zilizomvuta.

"Sharif alinambia, 'Hapa piga utakavyo, mie mwenyewe sitakusikia,'" anasema Boga. "Nilifurahi nikamkumbatia. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, 'Nimepata shamba la baba.'"

Ilikuwa miaka saba iliyopita. Furaha ile ndiyo iliyomponza.

Ili ajisikie juu ya mngurumo wa mashine, ilimbidi apulize kwa nguvu zaidi. Akagundua kwamba akiukaribia ukuta wa bati, sauti inamrudia usoni na anaisikia vizuri. Basi akawa anasimama hapo kila siku, mashine mgongoni, zumari ikimrudia kutoka kwenye bati. Masikio mawili yakabeba kelele mbili, na hakuna aliyemwambia kitu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukaa mle ndani pamoja naye.

"Nilidhani watu wameanza kunong'ona," anasema. "Kila mtu nyumbani ananong'ona. Nikawa mkali. Nikimwambia mke wangu, 'Sema kama watu, kwani kuna maiti humu?'"

Mkewe, Mwanarehema, anauza viazi vya karai mbele ya nyumba yao. Alikuwa na maelezo yake. "Mie nilidhani amenichoka," anasema. "Namwita, haitiki. Namwita tena, haniangalii. Mwanamume akiwa hivyo, mke ufikirie nini? Nililia siri yangu miezi mingi."

Ukweli ulijitokeza miaka miwili iliyopita, na ulijitokeza mbele ya watu.

Ilikuwa harusi, mtaa wa Shika Adabu. Kikundi cha Boga kilikuwa katikati ya uwanja, ngoma zimekolea, wanawake wamejipanga, na Boga amefumba macho kama kawaida yake. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Kwa desturi, adhana inapoanza kila kitu husimama. Ngoma zikanyamaza zote kwa pamoja, njuga zikatulia, wanawake wakajifunika vichwa.

Zumari ikaendelea.

Ikaendelea peke yake juu ya adhana, kali na bila kukatika, kwa kuwa mpigaji ni hodari na pumzi zake haziishi. Wazee waliokuwa barazani wakasimama. Kuna aliyesema kwa sauti kwamba huu sasa ni ukafiri. Boga hakujua lolote hadi alipotikiswa bega.

"Nilifumbua macho nikaona watu wote wananitazama, hakuna anayecheza," anasema. Anainamisha kichwa. "Mie nimeswali maisha yangu yote. Sijawahi kuikatiza adhana hata nikiwa mtoto. Siku ile nilitamani ardhi inimeze."

Aliyemtikisa ni Tinga, kiongozi wa kikundi na mpigaji wa ngoma kubwa. Anasema alilazimika kuwaomba wazee radhi papo hapo. "Niliwaambia Boga hasikii," anaeleza. "Nilikuwa namkinga, lakini nilimwona uso ulivyomshuka. Sote tulikuwa tunajua, na sote tulikuwa tunajifanya hatujui. Mie ndiye niliyelisema mbele ya umati."

Baada ya hapo mialiko ilipungua. Tinga bado anamchukua, ila humweka ana kwa ana na ngoma ili aone mikono ikisimama.

Hospitalini, Boga alielezwa njia mbili. Aiache mashine, au azibe masikio kila anapokuwa humo. Mashine hawezi kuiacha, kwani ndiyo inayonunua unga na ndiyo itakayogharimia harusi ya bintiye, Jalila. Kifaa cha kumsaidia kusikia aliambiwa ni zaidi ya shilingi elfu hamsini kwa sikio moja, na hakuuliza mara ya pili. Vizibo ni rahisi na alivinunua siku hiyohiyo.

"Nikiziba, kusaga nasaga bila taabu," anasema. "Lakini zumari siisikii. Napiga kama mtu anayeandika gizani." Kwa hiyo alikuwa akivivaa anaposaga na kuvivua anapopiga, jambo lisilomsaidia kitu, kwa kuwa anapiga mashine ikiwa inanguruma.

Na kupiga ilikuwa lazima, kwa sababu ya Jalila. Tangu binti huyo azaliwe, Boga aliweka nadhiri kwamba siku ya harusi yake atampigia yeye mwenyewe. Mdomo usioingia mazoezini hauwezi kumtoa bibi harusi. Ilimbidi afanye mazoezi hadi Idi, mle mle ndani ya mabati, masikio wazi.

Mwanarehema alimpinga waziwazi. "Nilimwambia, 'Haya, piga, wageni wafurahi. Kisha wajukuu wakija, uniulize mie wanasema nini?'"

Aliyemweza ni Jalila. Ana miaka 24, ni fundi wa kushona nguo za kike, na ni mpole wa maneno. Alimwendea baba yake kwenye mashine siku umeme ulipokatika, akakaa upande wa sikio la kulia.

"Nilimwambia, 'Baba, wa kupiga tutawapata. Wa kuniuliza ni wewe tu,'" anasimulia.

Alikuwa anazungumzia idhini. Kabla ya nikaha kufungwa msikitini, baba huingia ndani alikokaa bibi harusi, akamuuliza kama ameridhia kuozwa kwa mume fulani. Lazima alisikie jibu. Bila ya jibu hilo hana ruhusa ya kwenda kumwoza. Na bibi harusi wa Pwani hajibu kwa sauti. Hujifunika, huinama, na jibu hutoka kama pumzi. Ndiyo heshima yenyewe.

"Anaweza kumtuma mtu mwingine aniulize, sheria inaruhusu," anasema Jalila. "Mie sitaki mwingine."

Siku ile Boga alikaa kwenye mashine isiyowaka hadi jua likazama, kisha akarudi nyumbani.

Tulipomtembelea tena wiki mbili baadaye, ule mfuko wa zumari haukuwepo ukutani. Boga alikuwa amesimama mbele ya mashine, vizibo vya rangi ya chungwa masikioni, akimimina mahindi ya mteja. Zumari ameipeleka kwa Tinga, ampe kijana mwingine aizoee kabla ya harusi. Yeye hatapiga siku hiyo, na haelekei kupiga tena.

"Mdomo utakufa, naujua," anasema baada ya kuizima mashine. "Kufika Idi sitaweza kumwamsha hata paka. Miaka arubaini, bwana." Anaushika mdomo wake kwa vidole viwili, kama anayeupima. "Inaniuma. Nisikufiche, inaniuma sana. Usiku vidole vinacheza vyenyewe kwenye godoro."

Daktari hakumwahidi kitu. Alimwambia tu kwamba nusu iliyobaki huenda ikadumu miaka, au isidumu. Tumaini la Boga linafika mfungo mosi, halipiti hapo.

"Namuomba Mungu aniachie hii nusu mpaka siku ile," anasema. "Nataka neno moja tu. Nikilisikia, nitakwenda msikitini nikamwoze mwanangu kwa haki. Mengine Mungu anajua."

Jalila naye ameamua lake, na shangazi zake tayari wamemgombeza kwa hilo. Wanasema ni aibu, haijapata kutokea katika ukoo wao, watu watasema bibi harusi ana haraka ya mume. Yeye anashona huku akitabasamu kidogo, macho yakiwa mekundu.

"Na waseme," anasema. "Baba akiingia akaniuliza, nitapiga kelele mpaka Josephine aamke."