Neno Lilikuwa la Bi Tunu

Nakumbuka siku moja ya Jumatatu, mwanangu, kwa sababu ya visheti ambavyo sikupewa.

Nakuita mwanangu ingawa nina miaka thelathini na mitatu tu, na wewe unayeanza kazi katika ofisi hii huenda tumepishana miaka saba. Usinicheke. Hapa Dar hata vijana wa rika moja huitana hivyo kijiweni. Isitoshe, mkubwa wetu, Mzee Elinami, ndiye aliyeniagiza niwaandikie nyie mawakili wapya nasaha kabla hamjakabidhiwa faili la kwanza. Ukurasa huu nimeuandika mara sita. Ndivyo nilivyo. Masomo ya sekondari ya juu nilijisomea mwenyewe chumbani Mwananyamala, kwa vitabu vya mitumba, na mtu aliyejisomea huishi na hofu kwamba kuna ukurasa aliouruka ambao wenzake wote wanaujua. Mie niliuruka kweli.

Bi Tunu wa Tandika alikuwa mteja wa kwanza niliyeachiwa peke yangu. Mumewe, Mzee Shabani, fundi redio, alimpa talaka moja baada ya ugomvi ulioanzia kwenye dishi la televisheni. Eda ikaisha bila hata mmoja wao kutaka kuanza kunyenyekea, wakafikishana mahakamani kuhusu mgawanyo wa nyumba. Kila tarehe ya kesi Bi Tunu alikuja na bakuli la visheti. Aliwagawia karani na askari wa mlangoni, akanipa na mie, na mwisho, huku akitazama pembeni, aliniambia, "Mpe na yule." Yule alikuwa Mzee Shabani. Alikula polepole, akalalamika kwamba sukari imezidi, kisha akaomba kingine.

Basi mchana mmoja nikampa Bi Tunu habari niliyodhani njema, kwamba kesi imebakiza tarehe moja. Hakufurahi. Aliniomba nifunge mlango.

"Wakili wangu, haiwezi kuahirishwa-ahirishwa kidogo? Mie yule mzee namwona siku za kesi tu."

Nilimweleza kwa adabu kwamba wakili haruhusiwi kuichelewesha mahakama kwa sababu kama hiyo. Pale si mahali pa miadi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akasema sawa, atatafuta namna ya kumwambia mwenyewe kabla ya tarehe hiyo kufika.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kukuandikia. Lakini siku zile nilikuwa na ukurasa mtandaoni, nikieleza sheria kwa video fupi, kwa Kiswahili chepesi. Watu waliupenda, nami nilipenda kupendwa. Nikarekodi video kuhusu talaka, na kwa ile furaha nikaongeza mfano: kuna mama mmoja Temeke, huja kortini na visheti, hataki kesi iishe ili aendelee kumwona mtalaka wake. Jina sikulitaja. Niliirudia video ile mara tisa mpaka matamshi yakanyooka, na katika mara zote tisa sikujiuliza hata mara moja maneno yale ni ya nani.

Mwanangu, Tandika nzima inamjua mama wa visheti. Kesho yake asubuhi video ilikuwa imefika kwenye benchi la Mzee Shabani. Vijana waliopeleka redio zao wakawa wanamuuliza, "Babu, kesi ijayo ni visheti au chapati?"

Jumatatu akaja Bi Tunu ofisini, mikono mitupu kwa mara ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, maana adabu haikumtoka hata siku hiyo. Ila hakuniita wakili.

"Kijana," alisema, "nilikuwa na neno moja tu la kumwambia yule mzee. Miezi minne nalitafutia siku yake. Umenisemea wewe."

Nikajitetea. Nilisema sikutaja jina, na kwamba kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni, katiba yenyewe inasema.

"Uhuru unao, sikatai," akasema. "Lakini neno lilikuwa langu."

Akaliomba faili lake. Kisha akauliza wanaopokea malalamiko juu ya mawakili wanapatikana wapi. Leseni yangu ilikuwa na miezi minane. Mama yangu alikuwa ameitengenezea fremu. Hata hivyo mteja akiuliza hilo lazima umjibu, nami nikamwandikia maelekezo yote kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri kuliko wowote niliowahi kuandika.

Mzee Elinami hakunifokea. Watu wa kwao Upareni, huniambia mwenyewe, hawapotezi sauti ovyo. Aliniuliza tu, "Siri ya mtungi nani aijuaye?"

Nikajibu kata.

"Na kata ikianza kusimulia, nani ataitumbukiza tena mtungini?"

Faili likahamia kwake. Mie akanituma Tandika kuomba radhi, kwa sharti moja: nisitumie neno lakini. Jaribu, mwanangu, utaona lilivyo gumu. Nilisimama mlangoni kwa Bi Tunu nikayasema yote bila hilo neno. Akajibu kwamba amesikia. Kwamba amesamehe, hakusema.

Nikaufuta ukurasa wangu. Nikawa bubu kabisa. Hata jirani akiniuliza mkataba wa kupanga nyumba ukoje, namwambia sijui. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mkutano wa mtaa wetu. Msemaji mmoja akatangaza kwamba wanaolalamika kwenye grupu la mtaa juu ya taka zisizozolewa watapelekwa polisi. Nyuso zikanigeukia: wakili, hii imekaaje? Nikakagua viatu vyangu. Aliyesimama ni Mzee Elinami, ambaye naye ni mkazi wa mtaa huo. Alieleza taratibu kwamba mkazi ana haki ya kulalamikia huduma, mradi asizushe wala asimtukane mtu, na kama kuna kifungu kinachosema vinginevyo aonyeshwe, naye atakisoma kwa sauti. Hakikuonyeshwa. Watu wakapiga makofi, na bibi mmoja akapiga kigelegele.

Tulipotoka akaniambia, "La mteja, ambalo si lako, ulilisema. La sheria, ambalo ni lako, umelinyamazia. Kanuni za maadili zimefunga mlango mmoja. Wewe umepigilia misumari nyumba nzima."

Tarehe ya kesi ikafika. Nilikwenda nimebeba mkoba wa Mzee Elinami tu. Bi Tunu alikaa kwenye benchi la nje, bila bakuli. Akaja Mzee Shabani amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akasimama mbele yake.

"Nimesikia habari kutoka kwa watu," alisema. "Za watu siziamini. Nasubiri za mwenyewe."

Bi Tunu akavuta mtandio, akafungua mdomo. Nami, mwanangu, nilisogea hadi mwisho wa veranda ili nisisikie. Nadhani ndicho kitendo changu cha kwanza cha kiwakili.

Mbele ya hakimu wakaomba kuiondoa kesi. Hakimu akaandika, na naapa alitabasamu. Tulipotoka, Bi Tunu akatoa mkobani kifurushi kidogo cha visheti, akanipa. Nilipokifungua nikaona mwandiko wangu. Vilikuwa vimefungwa kwa ile karatasi ya maelekezo ya malalamiko.

Walifunga ndoa upya Ijumaa moja, Tandika, kwa pilau na kelele. Katikati ya shangwe Bi Tunu akanishikisha kipaza sauti. "Leo sema, wakili wangu. Ila la kwako." Nikasema la kwangu: kwamba nimefurahi kuitwa wakili tena, na kwamba, kwa heshima zote, sukari kweli imezidi. Mzee Shabani alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ila aliyejikwaa hakati mguu. Ukurasa wangu nimeufungua upya. Sheria ikiwa mbaya, sema ni mbaya, na ueleze kwa nini. Hukumu ikikutatiza, ijadili kwa hoja, bila kumtukana aliyeiandika na bila kuwania makofi. Mwananchi akikuuliza haki yake, usikague viatu. Lakini alilokuambia mteja mlango ukiwa umefungwa ni amana. Hata ukilificha jina, visheti vitalitaja. Ukilihitaji, kaombe.

Nami niliomba. Bi Tunu ameyasoma haya kabla yako, akiwa amevaa miwani ya mumewe. Amesema niandike, tena nisibadilishe jina lake wala la Tandika. Amefuta sentensi mbili, na zilikuwa zipi sitakuambia.

Mungu akupe ulimi mwepesi penye haki na mzito penye siri. Akupe mkubwa wa kazi asiyefoka. Na siku ukikosea, kwani utakosea, akujalie mteja atakayekurudishia karatasi yako ikiwa na kitu kitamu ndani.