Beki Tuliyemkataa

Haijanitoka akilini, mwanangu, jioni ile tulipokutana mashabiki wa timu yetu hapa Ifakara kujadili kama Masanja asajiliwe. Nilikuwa karani kijana. Nalieleza jambo hili kama lilivyokuwa, maana wapo wanaolitia chumvi hadi leo, na hilo linaniudhi sana.

Masanja alikuwa beki wa kati, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia kijiji cha jirani cha Michenga. Timu moja ya Morogoro ilikuwa imemwacha. Alitaka kuchezea kwetu kwa sababu mama yake, mjane, alikuwa amepooza mkono, na hapa angeweza kucheza huku akimtunza. Alitueleza hivyo waziwazi, kisha akaketi mlangoni kusubiri.

Fundi baiskeli mmoja, bingwa wa utani, akauliza, "Kama ni mzima, wenzetu wamemtema kwa nini? Wamechoka kushinda?"

Watu wakacheka. Mwingine akadai kijana ana goti bovu. Masanja akasimama, akawaamkia wazee, akasema goti lake ni zima. Kosa lake ni kwamba aliondoka kambini bila ruhusa kwenda kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga wa mama yake, ambaye hawezi tena kurusha hata donge la udongo. Basi hapo tukapata la kushika. Tukamwita mtoro.

Mwalimu wa timu, Mzee Ligazio, akainuka taratibu.

"Wanangu, mpunga ukianza kukomaa nani kati yenu hubaki mjini? Wewe fundi hufunga kibanda. Wewe karani hujifanya mgonjwa. Huyu amekosa nini ambacho ninyi hamkosi?"

Ukweli tuliujua, ila hapakuwa na aliyetaka kuonekana amegeuka mbele ya wenzake. Tulipotakiwa kunyoosha mikono, iliyomkataa ilikuwa mingi, na wangu ulikuwemo.

Masanja alipanda treni kwenda Mbeya, akapata timu huko. Mama yake akabaki peke yake. Msimu uliofuata sote tulikuwa juu ya madungu, vile vichanja vya kulindia mpunga, mashambani mwetu, tukipiga makopo kutwa. Ndege tuliowafukuza walitua kwa yule mama. Nilimwona ameketi ukingoni mwa shamba, akiwatazama wakila. Sikushuka, mwanangu. Wala hakushuka mwingine yeyote.

Sasa nawasikia wewe na wenzako mkibishana juu ya mchezaji aliyeachwa. Bishaneni kuhusu uwezo wake, hiyo ni haki ya shabiki. Lakini kosa mnalosameheana nyumbani msilitumie kumhukumu mtoto wa mwenzenu. Ulizeni kwanza nani anamtegemea. Na ukitambua umekosea, ushushe mkono wako, hata kama wenzako wote wameinyoosha yao.

Mungu akujalie ujasiri huo ungali kijana, amtunze mama yako, na akuepushe na uzee wenye majuto kama yangu.